Usimpime Ng'ombe kwa Ndoo ya Siku Moja

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Tumeyapiga chapa yote ili wale ambao hawakuweza kufika wapate faida pia.



Nawashukuru sana kwa kunialika niseme nanyi juu ya jambo linalogusa kikombe cha chai cha kila nyumba na mfuko wa kila mfugaji. Nimeombwa nieleze ni aina gani ya ng'ombe iliyo bora kwa maziwa. Ningeweza kutaja jina moja kisha nikakaa kitini, lakini jibu hilo lingewapoteza wengi wenu. Tukiuliza, "Ni yupi atoaye maziwa mengi?" yatupasa kuuliza na swali la pili: "Akiisha kuzaa, hukaa muda gani kabla ya kushika mimba tena?" Mtu anunuaye ng'ombe kwa swali la kwanza peke yake amenunua nusu ya ng'ombe.

Niruhusuni nianze kwa habari ya nyumbani kwetu. Sisi ni watu wa Kieni, baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mahali ambapo mvua ni haba na majani hukauka mapema. Mwaka 1974 marehemu baba yangu aliuza mbuzi wake wote pamoja na mavuno ya viazi, akanunua ng'ombe mmoja wa Friesian. Alikuwa amemwona akikamuliwa, na ndoo ilijaa mpaka povu likamwagika. Aliyemwuza hakumdanganya baba, kwa maana maziwa yale yalikuwa ya kweli. Lakini ng'ombe yule alikuwa amezoea kula majani mabichi mwaka mzima, na pumba na mashudu kila akamuliwapo. Kwetu alikuta mabua ya mahindi.

Alizaa, akatupa maziwa mengi kwa muda wa miezi miwili. Kisha mbavu zake zikaanza kuhesabika. Tulingoja atake dume. Mwezi wa tatu ukapita, na wa sita, na wa kumi, wala hakuonyesha dalili yo yote. Maziwa yakapungua, mwishowe yakakatika. Alikaa mtupu karibu miaka miwili, akila bila kuzalisha kitu. Dada yangu alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, na karo yake ilitegemea ndoo ile. Hakwenda shuleni. Alikaa nyumbani akimkatia majani ng'ombe asiyekuwa na maziwa wala mimba.

Jirani yetu alikuwa na chotara mdogo mwekundu, ambaye sisi watoto tulizoea kumcheka. Maziwa yake hayakufika nusu ya yale ya ng'ombe wetu. Lakini alizaa karibu kila mwaka, na watoto wa nyumba ile wote walisoma. Kwetu watu walisema kwamba ng'ombe wetu amerogwa. Hakurogwa, mabwana. Alikuwa na njaa.

MWILI WA NG'OMBE BAADA YA KUZAA

Ili tufahamu jambo hili, yafaa kwanza tutazame mambo yanayotukia katika mwili wa ng'ombe akiisha kuzaa. Mfuko wa uzazi ulionyoshwa na ndama huhitaji siku 40 hivi kurudi katika hali yake. Wakati huo huo maziwa huongezeka siku kwa siku, na kwa ng'ombe wa kigeni hufika kilele kati ya juma la nne na la nane. Lakini hamu ya kula haipandi upesi kama maziwa. Hufika kilele baadaye, katika juma la kumi au la kumi na mbili. Basi katika majuma yale ya mwanzo ng'ombe hutoa zaidi ya anavyokula. Tofauti hiyo huitoa wapi? Huichota katika mafuta ya mwili wake mwenyewe, kama mtu anayekula akiba ya ghalani kabla ya mavuno.

Akiba ikiwapo, hakuna madhara. Ng'ombe hupungua kidogo, kisha hujirudi, na katika mwezi wa pili au wa tatu hutaka dume. Lakini akiba ikiisha, mwili wake hufanya shauri la busara. Humlisha kwanza ndama aliyekwisha kuzaliwa, na kukataa kuanza mwingine. Mbegu ndani yake hazikomai, wala hana hamu ya dume. Twamwita tasa, kumbe si tasa. Anangoja chakula.

Hapa ndipo aina za ng'ombe zinapotofautiana. Yule aliyezaliwa na nguvu ya kutoa maziwa mengi hawezi kujizuia. Chakula kikipungua, huendelea kutoa maziwa na kujikondesha. Yule wa asili ya nchi kavu hupunguza maziwa upesi ili auokoe mwili wake. Mmoja ni mkarimu kupita kiasi, na mwingine ni mwekevu. Hatuwezi kumlaumu ye yote kati yao, bali ni juu yetu kujua ni yupi tuliye naye zizini.

NG'OMBE WETU NA NG'OMBE WA WAGENI

Sasa tuwatazame mmoja mmoja. Wa kwanza ni zebu mdogo wa Afrika Mashariki, mwenye nundu, ambaye babu zetu walimfuga kabla ya kuja kwa reli. Huvumilia jua, kiu na kupe kuliko wageni, na hutembea mbali kutafuta malisho. Lakini maziwa yake ni machache. Mara nyingi mfugaji hapati zaidi ya lita moja hata tatu kwa siku baada ya ndama kunyonya, ingawa maziwa yenyewe ni mazito yenye mafuta mengi. Tena hukawia kukua, hata mtamba wake mara nyingi huzaa kwanza akiwa na miaka mitatu na nusu au minne. Tusidhani kwamba kwa kuwa ni mwenyeji huzaa kila mwaka. Ndama anayenyonya kutwa kucha huizuia hamu ya mama yake ya kutaka dume, na mwaka wa ukame waweza kupita wote bila mimba.

Wa pili ni Boran, ng'ombe mkubwa wa Waborana wa kaskazini ya Kenya na kusini ya Ethiopia. Huyu ni mzazi mwema na mlezi mwema wa ndama katika nchi kavu. Lakini sifa yake ni nyama. Mwenye kumtaka kwa ajili ya kupeleka maziwa kiwandani atasikitika.

Wa tatu ni Sahiwal, naye pia ana nundu, lakini asili yake ni Punjab, katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Aliletwa Kenya tangu mwaka 1939, na kundi lake la taifa likawekwa Naivasha katika miaka ya 1960. Huvumilia joto kama zebu wetu na hutoa maziwa mengi kuliko yeye, kadiri ya lita elfu moja na nusu kwa uzao mmoja akitunzwa vizuri. Kwa wafugaji wa nchi zenye joto, dume la Sahiwal limefanya kazi kubwa ya kuinua makundi ya wenyeji. Kasoro yake ni kwamba hupenda ndama awe karibu ndipo ateremshe maziwa, na hukawia kuzaa mara ya kwanza.

Kisha wako ng'ombe wa Ulaya. Mpaka katikati ya miaka ya 1950 hawa walikuwa karibu wote katika mashamba ya walowezi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa wakulima Waafrika kuwafuga kwa wingi, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 walienea katika mashamba madogo ya nyanda za juu.

Friesian, mweusi na mweupe, aliyetoka Uholanzi, ndiye mkubwa wao. Uzito wake ni kilo 550 na zaidi. Akishiba atatoa lita 20 kwa siku na kuendelea, lakini kushiba kwake si mchezo. Hunywa maji madebe matatu au manne kwa siku, hata zaidi wakati wa jua kali. Ayrshire wa Skotlandi ni wa wastani, mwenye miguu ya nguvu, na hujua kujitafutia malisho. Guernsey na Jersey walitoka katika visiwa viwili vidogo karibu na Ufaransa, na maziwa yao yana mafuta mengi. Jersey ndiye mdogo kuliko wote, kilo 350 hata 400, kwa hiyo hula kidogo. Mtamba wake hupevuka mapema, na mara nyingi hurudia kutaka dume baada ya kuzaa upesi kuliko Friesian. Lakini lazima aangaliwe sana siku anapozaa, kwa sababu ni mwepesi kushikwa na homa ya maziwa. Katika ugonjwa huo ng'ombe huanguka asiweze kusimama kwa kuwa chokaa katika damu yake imepungua. Daktari akiitwa upesi, hupona upesi, akicheleweshwa, hufa.

Hata muda wa kuchukua mimba hautoshani. Friesian na Jersey huchukua siku 280 hivi. Zebu huongeza siku tano hata kumi. Mwenye kujua haya hatafadhaika siku zikizidi.

Mwisho yuko chotara. Mtoto wa kwanza wa zebu na dume la Ulaya hupata urithi mwema wa pande zote mbili. Hutoa maziwa karibu mara mbili ya mama yake, huzaa mapema kuliko mama yake, na hushika mimba bila taabu nyingi. Lakini angalieni: mkipandisha chotara kwa chotara, sehemu ya nguvu ile hupotea katika kizazi kinachofuata. Na mwenye zebu mdogo asimpandishe kwa mbegu ya Friesian, kwani ndama mkubwa aweza kumwua mama wakati wa kuzaa. Mbegu ya Jersey au ya Ayrshire yafaa zaidi.

HESABU YA NDOO NA YA KALENDA

Labda mmoja wenu atasema, "Hata akikawia kuzaa, maziwa yake mengi yatafidia." Basi na tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe wa kwanza hutoa wastani wa lita 12 kwa siku kwa siku 300 baada ya kuzaa. Kwa kuwa amekawia kushika mimba, anaendelea kukamuliwa siku 120 nyingine kwa lita 4 tu. Kisha anakaa mkavu siku 120. Amezaa tena baada ya siku 540, yaani mwaka na nusu. Jumla ni lita 4,080. Zigawanyeni kwa siku zote alizokula kwako: ni lita saba na nusu kwa siku.

Ng'ombe wa pili hutoa lita 10 kwa siku 300, kisha lita 5 kwa siku 30, na kukaa mkavu siku 60. Amezaa tena baada ya siku 390. Jumla ni lita 3,150. Zikigawanywa kwa siku zake zote ni lita nane na zaidi kidogo. Yule aliyeonekana mdogo ndooni amemshinda mkubwa!

Na hayo ni maziwa tu. Katika miaka sita inayofuata, wa kwanza atakupa ndama wanne. Wa pili atakupa watano, na wa sita atakuwa tumboni. Ndama huyo wa ziada akiwa mtamba, ndiye karo, ndiye mabati, ndiye ng'ombe atakayeshika nafasi ya mama yake akizeeka. Kwa hiyo nasema, msimpime ng'ombe kwa ndoo ya siku moja. Mpimeni kwa ndoo na kwa kalenda pamoja.

MAMBO YA KUFANYA

Sasa nitataja mambo machache ambayo kila mfugaji aweza kuyafanya, hata kama ana ng'ombe mmoja tu.

Jambo la kwanza: chagua ng'ombe kwa malisho uliyo nayo, wala si kwa malisho unayoyatamani. Kabla ya kununua, tembelea shamba lako mwezi wa ukame mkali, usimame katikati, ujiulize, "Nitamlisha nini leo?" Mwenye mabingobingo mengi, maji karibu na fedha ya kununua pumba na mashudu, na afuge Friesian. Mwenye ekari moja au mbili aweza kupata faida zaidi kwa Jersey au Ayrshire. Wa nchi kavu na yenye joto na amtafute Sahiwal au chotara wake.

Jambo la pili: mlishe kabla hajazaa. Mkaushe siku 60 kabla ya siku ya kuzaa ili kiwele kipumzike na mwili uweke akiba. Asiwe mwenye kukonda hata mbavu zote zionekane, wala asinenepe kupita kiasi, maana aliyenenepa mno hupata shida ya kuzaa na hukataa kula baadaye. Na akiisha kuzaa, miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kumpa chakula kilicho bora, pamoja na chumvi ya madini na maji yasiyokatika. Shilingi inayowekwa katika hori wakati huo hurudi mara mbili: katika maziwa na katika mimba.

Jambo la tatu: mwangalie siku anayozaa. Kondo la nyuma likikaa ndani zaidi ya siku moja, mwite daktari wa wanyama. Usilivute kwa mkono, wala usilifungie jiwe, kwani mfuko wa uzazi ukioza ndani hautapokea mimba upesi. Ndama apewe dang'a katika saa chache za kwanza, kwa kuwa ndiyo kinga yake.

Jambo la nne: jifunze kumtambua ng'ombe anayetaka dume. Hurudi hali hiyo kila baada ya siku 21 hivi. Dalili iliyo hakika ni kusimama tuli akipandwa na wenzake. Dalili nyingine ni kulia, kutotulia, kupungua kwa maziwa, na ute mwangavu kama ute wa yai. Kwa zebu na Sahiwal dalili hizi ni fupi, na nyingi hutokea usiku. Hata Friesian atoaye maziwa mengi huwa nazo kwa saa chache tu. Kwa hiyo mtazameni alfajiri kabla ya kazi, na usiku kabla ya kulala. Aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni. Aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya pili yake. Kila mara mnapokosa kumwona, mmepoteza majuma matatu ya chakula bure.

Jambo la tano: angalieni dume. Dume la kukopeshana kijiji kizima laweza kueneza ugonjwa wa kutupa mimba kutoka zizi hadi zizi. Kutia mbegu kwa mrija huondoa hatari hiyo, na si jambo geni kwetu. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946 kwa kazi hiyo. Lakini mbegu bora haifai kitu kama mtaalamu ameitwa ng'ombe akiwa amekwisha kupoa.

Jambo la sita: mwenye zebu au Sahiwal asimwondoe ndama kabisa, maana maziwa yatakatika. Amtenge, amlete anyonye kidogo wakati wa kukamua, asubuhi na jioni. Kwa njia hiyo maziwa huteremka, ndama hukua, na mama hurudia kutaka dume mapema kuliko yule anyonywaye kutwa.

Na la saba: pigeni vita na kupe. Ng'ombe wa Ulaya hana kinga ya ndigana kama zebu aliyezaliwa penye kupe. Hata asipokufa, homa hutosha kumwondolea maziwa na mimba kwa pamoja. Josho au pampu ya dawa ni sehemu ya bei ya ng'ombe huyo. Asiyeiweza hiyo hajaweza kumnunua.

Bwana Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Mwisho nitarudi kwetu Kieni. Dada yangu, yule aliyekosa shule, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Ana ng'ombe wawili, wote chotara wa Ayrshire, na hakuna aliye na sifa kubwa kijijini kwa ndoo yake. Lakini ukiingia jikoni kwake utaona kalenda imetundikwa juu ya pipa la maji. Ameandika siku waliyozaa, siku waliyotaka dume, siku waliyopandishwa, na siku ya kukaushwa. Mwaka uliopita nilimwuliza, je, kalenda hiyo alifundishwa na nani? Akanijibu, "Nilifundishwa na yule ng'ombe wa baba."

Nendeni basi nyumbani, mabibi na mabwana, mkaulize swali lile la pili juu ya kila ng'ombe mliye naye: alizaa lini, na je, ameshika mimba? Ambaye hawezi kujibu leo na anunue kalenda kesho.